Picha ya Thelathini na Tisa

Vijana wa ofisi ya habari ya chuo waliponiaga mwezi uliopita walinipa kiti cha plastiki chenye mikono, saa ya ukutani na ombi. Ombi lilikuwa niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukipiga picha za mpira kabla ya simu. Kiti ninakikalia sasa hivi. Saa ilisimama wiki ya kwanza. Lililobaki ni ombi, na ninawaomba radhi mapema, kwa sababu nilikaa niandike kuhusu kamera na nimejikuta naandika kuhusu mtu.

Nilifika chuoni hapa Bariadi wakati bado tulikuwa watu wa mkoa wa Shinyanga, na Simiyu lilikuwa jina la mto tu. Barua yangu ya ajira ilisema mimi ni Msaidizi wa Zana za Kufundishia. Kitengo chenyewe kilikuwa vyumba viwili nyuma ya bwalo la chakula. Kimoja kilijaa ramani zilizoliwa na mchwa. Kingine madirisha yake yalizibwa kwa mablanketi mawili mazito, na mlangoni palikuwa na kibao kilichoandikwa kwa mkono mzuri sana: USIFUNGUE, KUNA MTU ANAFANYA KAZI.

Mtu huyo alikuwa Mwalimu Luhende, aliyefundisha sanaa na ndiye aliyekuwa mpiga picha wa chuo kabla yangu. Alikuwa mrefu, mwembamba, na vidole vyake vilinuka dawa za kusafishia picha hata siku ya Jumapili. Nilibisha hodi, nikamwamkia kwa adabu zote za kwetu Lingeka, Meatu.

"Mwadila, Mwalimu."

"Mwadila. Ingia haraka, funga, na usiguse kitu."

Nikaingia. Palikuwa giza kama ndani ya gunia. Akanipa mkononi kamera tupu na filamu moja iliyoharibika, akaniambia niitie ndani ya kamera. Nikamwambia sioni.

"Macho yako yaache nje, bhabha," alisema. "Humu hayana kazi. Tumia vidole."

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaa humo saa nzima nikitia filamu na kuitoa, huku yeye amekaa pembeni anakunywa chai ambayo sikuiona bali niliisikia. Nilipotoka jua lilinipiga usoni nikajigonga kwenye ndoo.

Mambo mawili alinifundisha wiki ile, na ninyi wenye simu hamtayahitaji, lakini bila hayo hamtaelewa yaliyobaki. La kwanza ni kuiba picha. Filamu zilikuwa adimu. Tulipewa mbili kwa muhula, za picha nyeusi na nyeupe, na kila moja ilikuwa na picha thelathini na sita. Lakini ncha ya mwanzo ya filamu, ambayo Mwalimu aliiita ulimi, ukiichomeka kidogo tu kwenye mhimili wa kuivuta, kiasi cha ncha ya kidole, unabakiza nafasi ya picha moja au mbili zaidi. Filamu ya thelathini na sita ikakupa thelathini na nane. Tuliona fahari kubwa kwa hilo.

La pili lilitokana na la kwanza. Ulimi uliochomekwa kidogo huweza kuchomoka. Ukichomoka, kamera inalia kama kawaida, kihesabu kinahesabu kama kawaida, lakini filamu imelala ndani ya mkebe wake haina habari. Dalili ni moja. Upande wa kushoto juu ya kamera kuna kigurudumu kidogo cha kurudishia filamu. Kila unapovuta filamu mbele, kigurudumu hicho lazima kizunguke.

"Kikizunguka, filamu inatembea," alisema Mwalimu. "Kisipozunguka, unapiga hewa. Kitazame kila unapovuta. Kila unapovuta, Maduhu, si unapokumbuka."

Kisha akanikabidhi uwanja wa mpira. Yeye alikuwa ameteuliwa kuwa mshika kibendera, kazi aliyoipenda kuliko zote.

Sasa niwaambie kuhusu pembeni mwa uwanja. Mpiga picha hakai nyuma ya goli, maana kipa atakufukuza akidhani umemletea mkosi, na makipa wengi wa enzi zile waliamini kwamba jicho la lenzi linavuta mpira. Nilichuchumaa karibu na kibendera cha kona, nikielekea goli, jua la saa kumi likiwa begani. Kamera niliifunga kipande cha kitenge kwa sababu ya vumbi. Mistari ya uwanja tuliichora kwa majivu ya jikoni, na upepo ukivuma mstari wa goli ulihama kidogo kuelekea Maswa. Usifuate mpira kwa kamera. Tazama mtu anayeusubiri mpira, mpira utakuja wenyewe.

Na kuna jambo jingine ambalo huenda mnalijua. Goli likiingia, watu wote wanakumbatiana. Wachezaji wanakumbatiana, wanachuo wanakumbatiana, mkuu wa chuo anamkumbatia mpishi. Wewe unavuta filamu. Hakuna anayemkumbatia mpiga picha, kwanza ana kitu kigumu kifuani. Niliziona furaha nyingi sana kwa miaka yangu ya kazi, zote kwa umbali wa hatua kumi na tano.

Sikuwa mtu wa maneno, na ndugu zangu walikuwa mbali na ng'ombe wao. Mtu niliyezungumza naye Bariadi alikuwa mmoja. Siku ya Jumapili baada ya ibada tulikutana chumba cha giza, tukasafisha picha za mechi, na pale karatasi ilipokuwa inaanza kuonyesha sura ndani ya dawa, Mwalimu alisema jina la mtu kabla sijamtambua. Wakati wa mechi hatukusemeshana, maana mshika kibendera haongei na mtu. Lakini mpira ulipokuja upande wa kona yangu alikimbia nao hadi nyuma yangu, hatua tatu hivi, nami nilisikia anavyohema. Nilizoea ile pumzi. Ilinitosha.

Kisha ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Maduka ya Bariadi yaliyokuwa yakiuza chumvi na viberiti yakaanza kuuza redio, viatu vya mitumba, betri za kila aina, na siku moja nikaona kwenye kioo cha duka filamu ya rangi. Nilisimama pale kama mtoto. Pamba nayo ikapata wanunuzi binafsi, wakaja na malori yao. Wanachuo wakaanza kuzicheka picha zetu nyeusi na nyeupe. Mmoja alinirudishia picha yake akasema, "Mzee, humu nimekuwa marehemu." Nilikuwa na miaka ishirini na minane.

Filamu ya rangi haikuweza kusafishwa kwenye chumba chetu. Ilibidi umkabidhi kondakta wa basi, iende Mwanza, na picha zirudi baada ya wiki mbili. Mwalimu Luhende alilitazama jambo hilo kwa utulivu. "Watatuachia giza lote sisi wenyewe," alisema.

Mnunuzi mmoja wa pamba mwenye kiwanda cha kuchambulia kule Maswa alitaka jina lake lijulikane. Akatoa fahali mweupe mwenye nundu, awe zawadi ya mechi kati ya chuo chetu na timu ya kiwanda chake. Mechi ikapangwa kwetu. Watu walikuja kwa miguu, kwa baiskeli na juu ya malori. Fahali alifungwa kwenye nguzo kando ya uwanja, na kabla ya mapumziko alikuwa ameshakula mapambo yote ya upande ule.

Kwa heshima ya siku hiyo nilinunua filamu ya rangi, ya kwanza maishani mwangu. Niliitia kamerani kivulini mwa bwalo. Dukani zilikuwamo filamu nyingine kumi na tano, zimepangwa kama sabuni. Ningeweza kuuchomeka ulimi kwa urefu wote, nikapoteza picha mbili, na dunia isitikisike. Lakini mikono ilikuwa imefundwa wakati wa uhaba. Niliuchomeka kiasi cha ncha ya kidole.

Lazima mjue pia habari za waamuzi. Wenye vyeti walikuwa haba, kwa hiyo mwamuzi wa kati alitoka wilayani na kila timu ilileta mshika kibendera wake. Kila mtu alijua, bila kuambiwa, kwamba kibendera cha nyumbani huona mambo ya nyumbani. Kila mtu isipokuwa Mwalimu Luhende. Kwake mstari ulikuwa mstari, hata ukiwa wa majivu.

Kipindi cha pili matokeo yalikuwa bila kwa bila. Nilipiga kwa raha. Kihesabu kikafika thelathini na sita, nikavuta, ikakubali. Thelathini na saba. Thelathini na nane. Nikatabasamu peke yangu pale kwenye kona, nimeiba picha mbili za rangi. Kigurudumu sikukitazama hata mara moja, kwa sababu nilikuwa natazama rangi: jezi za njano za kiwanda, jezi zetu za bluu, nyasi kidogo zilizobaki.

Zikiwa zimebaki dakika chache, winga wao alishuka upande wangu. Nikasikia pumzi ya Mwalimu nyuma yangu. Winga akamimina krosi, nikapiga, nikavuta haraka, mshambuliaji wao akaunganisha kwa shuti, mpira ukagonga mtambaapanya kwa mlio ambao hata fahali aliusikia, ukadunda chini kwenye majivu, ukatoka nje. Nilipiga hapohapo. Ilikuwa picha ya thelathini na tisa.

Na sasa siri ya kamera zile. Ukibonyeza, kioo cha ndani kinapanda, na kwa muda wa kufumba jicho huoni kitu. Kwa hiyo kile hasa ulichokipiga ndicho usichokiona. Mpira ulipogusa chini, mimi nilikuwa kwenye giza.

Niliposhusha kamera Mwalimu Luhende alikuwa anakimbia kuelekea katikati ya uwanja, kibendera chini. Goli. Dhidi ya chuo chake mwenyewe.

Wakati kelele zinaanza, mkono wangu ulivuta filamu kwa mazoea. Ikaenda laini. Picha ya arobaini. Hakuna filamu yenye picha arobaini. Nikagusa kigurudumu cha kushoto, kikazunguka bure chini ya kidole, kilegevu kabisa, hakuna filamu iliyokibana. Nikajua. Mechi nzima nilikuwa nimepiga hewa.

Mpira uliisha muda mfupi baadaye na wanachuo wakaingia uwanjani. Walimzunguka Mwalimu. Walisema amekula rushwa, walisema fahali wa pili yuko nyumbani kwake. Wengine walikuwa wameng'oa vibendera vya kona na kuvishika kama fimbo. Nahodha wetu, kijana mmoja mpole aliyeitwa Shigela, alikuwa analia. Kisha mtu akapaza sauti, "Mpiga picha alikuwa palepale!" Wakaja kwangu wote, na Mwalimu katikati yao.

"Uliipata?" Shigela akaniuliza. "Mpira ulipodunda, uliipata?"

Ningeweza kusema hapana. Nimejiambia miaka mingi kwamba nilisema vile ili wasimpige Mwalimu, na kuna kipande cha ukweli humo. Lakini kipande kikubwa ni aibu. Watu zaidi ya elfu walikuwa wananitazama kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi, na nisingeweza kuwaambia kwamba sikutia filamu sawasawa.

"Ipo," nilisema.

Mwalimu Luhende alinitazama kwa muda. Kisha akawageukia.

"Mmesikia. Basi subirini picha. Nendeni mkaoge."

Wakatawanyika. Fahali akapandishwa lori, akaenda Maswa.

Jumapili iliyofuata sikwenda chumba cha giza. Nilisema naumwa. Jumapili ya pili niliona jua limekwisha kukaa juu nikasema nimechelewa. Niliwaambia watu kwamba filamu imekwenda Mwanza. Ilikuwa ndani ya sanduku langu, chini ya shati la harusi ya kaka yangu. Ubao wa matangazo nje ya bwalo ulisubiri picha, watu walipita wakiutazama kabla ya chakula na baada ya chakula. Baada ya wiki tatu nikatangaza kwamba filamu imeungua huko ilikokwenda, mashine imeharibika. Wakaamini upesi sana. Walisema bila shaka Mwalimu ndiye aliyefanya mpango iungue, na kwamba mtu asiye na hatia picha yake haiungui.

Sikutegemea hilo. Naliandika hapa kwa sababu ninyi hamtaniuliza, na aliyestahili kuniuliza hakuniuliza. Darasani kwake walianza kugonga meza akiingia. Kibendera akanyang'anywa. Muhula ulipoisha ikaja barua ya uhamisho, kwenda kufundisha shule ya msingi upande wa Kimali, huko Meatu.

Asubuhi ya kuondoka alikuja kunikabidhi ufunguo wa chumba cha giza. Godoro na sanduku lake vilikuwa vimeshapakiwa. Alisimama mlangoni chini ya kibao chake, ufunguo mkononi, hakuutoa mara moja.

"Maduhu," alisema, "huna neno la kuniambia?"

Maneno yalikuwa yamejaa mdomoni. Dereva akapiga honi.

"Safari njema, Mwalimu," nikasema.

"Wabeja," akajibu. Asante. Akaniwekea ufunguo kiganjani, akaenda.

Nilikaa na ufunguo ule miaka thelathini. Kazi ilisonga. Nilipiga mahafali, viongozi wakikata utepe, mechi nisizozihesabu. Nilioa, mke wangu akapangiwa kazi Maswa, akazoea huko, na watoto wakazoea huko pamoja naye. Kamera zilibadilika mara nne. Chumba cha giza kikafanywa stoo ya madawati. Kila nilipokwenda nyumbani Lingeka nilijua kwamba Mwalimu yuko wilaya hiyohiyo, na kila mara nilikuwa na sababu: mvua, mnada, mgonjwa. Upweke wangu wa pembeni mwa uwanja nilikuwa nimeuchagua. Huu wa pili niliutengeneza kwa mikono yangu mwenyewe, na ndio ulioniuma. Tangu siku ile nilitazama kigurudumu kila nilipovuta, kila mara bila kukosa, hata kwenye kamera zisizo na kigurudumu.

Wiki moja baada ya kustaafu nilipanda basi hadi Mwanhuzi, kisha bodaboda hadi Kimali. Nilimkuta amekaa mbele ya nyumba yake ya matofali anatengeneza kigoda. Amekonda zaidi, macho yamepata ukungu. Nilimwamkia, akaitambua sauti kabla ya sura.

"Maduhu. Umechelewa kidogo."

Nikakaa chini. Nilikuwa nimejipanga kuanza na habari za afya, za mvua, za mifugo. Nikatoa mfukoni mkebe wa filamu nikauweka kigodani, ulimi wake bado umechomoza kama siku niliyoununua.

"Haikutembea," nikasema. "Ulimi ulichomoka. Hakukuwa na picha, Mwalimu. Sikuipeleka Mwanza wala popote. Nilikudanganya, na wakakuharibia jina, na nikakuacha uende."

Aliuchukua mkebe, akaupapasa kwa kidole gumba.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Kwamba haikutembea. Nilijua siku ile ile. Nilikuwa nimesimama nyuma yako, si ndiyo? Winga alipopiga krosi nikaona unavuta, na kigurudumu kimelala. Nikasema labda macho yangu. Nikainama nikitazame vizuri."

Akaendelea taratibu, kama alivyokuwa akieleza mambo ya dawa na karatasi.

"Niliposikia mlio wa mtambaapanya nikainua kichwa, mpira ulikuwa umeshatoka nje. Kipa wetu amekaa chini kashika kichwa. Nikasema, kipa hashiki kichwa bure. Nikakimbia katikati."

"Kwa hiyo goli…"

"Sijui kama lilikuwa goli, Maduhu. Sikuliona. Nilikuwa nakutazama wewe."

Kuku walikuwa wanachakura karibu na miguu yetu. Alisema pia kwamba niliposema "ipo" alidhani namficha, kwamba nimeona alivyoinama na nimeamua kumwokoa, naye akaamua kutoniumbua. Alisubiri niseme la kwangu ili naye aseme la kwake. Pale mlangoni na ufunguo alisubiri mara ya mwisho.

"Ungesema, nami ningesema," alisema. "Tungecheka sana."

Nililia, sina haja ya kuficha. Miaka yote ile nilikaa pembeni nikiamini kwamba kazi yangu ni kutazama na kwamba hakuna anayenitazama mimi. Mara moja tu mtu aliacha mpira, akaacha mstari wake aliouheshimu kuliko kitu chochote, akainama kuangalia kama kazi yangu inaenda sawa. Jina lake likaishia hapo, nami nikamjibu safari njema.

Tulikaa mpaka jua likaanza kupungua nguvu. Mwenye bodaboda akapiga honi barabarani. Mwalimu Luhende alikuwa bado ameshika mkebe.

"Zimo ngapi humu?"

"Thelathini na sita. Zote nzima, hazijaguswa."

"Zitakuwa zimekufa sasa."

"Zimekufa, Mwalimu."

Aliusukuma ulimi wa filamu ndani ya mkebe kwa kidole, taratibu, mpaka ukazama wote. Kisha akautia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo, na akaniuliza kama nitakuja tena Jumapili.